Usinunue viza ukidhani umenunua lugha: Jinsi ya kuchagua shule ya Kithai

KATIKA lugha ya Kithai, neno lenye maana ya 'mbali' na lile lenye maana ya 'karibu' yanafanana kama shilingi kwa ya pili. Yote mawili ni 'klai'. Ukilitamka kwa sauti iliyotulia, umesema mbali. Ukilianza juu kisha ukalishusha, umesema karibu. Mgeni anayemuuliza dereva wa teksi jijini Bangkok iwapo hospitali iko karibu, ilhali hajui kuitawala sauti yake, huenda akajibiwa kinyume cha alichouliza naye asitambue.

Hiyo ndiyo lugha inayomsubiri kila anayehamia Thailand, awe mstaafu kutoka Ulaya, mtu aliyeoana na Mthai au Mwafrika aliyekwenda kufundisha Kiingereza. Katika miji ya Bangkok, Chiang Mai, Pattaya na Phuket, shule za kuwafunza wageni Kithai ni nyingi na matangazo yake yanavutia. Tatizo ni kwamba shule hizo huuza bidhaa mbili chini ya paa moja: lugha, na kibali cha kuishi nchini. Asiyezitenganisha bidhaa hizo huenda akalipa karo ya mwaka mzima na asipate hata moja.

Leseni kwanza

Sheria za Thailand humruhusu mgeni kupata viza ya masomo, maarufu kama 'ED', iwapo ameandikishwa katika shule inayotambuliwa na serikali. Shule za kibinafsi huhitaji leseni chini ya Sheria ya Shule za Kibinafsi ya mwaka 2007, nazo husimamiwa na Wizara ya Elimu. Kwa hivyo, kabla ya kuuliza karo, omba kuiona leseni na uhakikishe kwamba kozi unayouziwa imeidhinishwa.

Anayeshika viza hii ana wajibu. Anapotaka kuongezewa muda hufika katika Idara ya Uhamiaji na kulipa ada ya baht 1,900 kwa kila ombi. Afisa huweza kumhoji kwa Kithai ili abaini kama kweli anasoma. Aidha, mgeni anayekaa nchini zaidi ya siku 90 mfululizo sharti aiarifu idara hiyo anakoishi. Atakayebaki baada ya muda wake kwisha hutozwa faini ya baht 500 kwa kila siku, hadi kufikia baht 20,000.

Ndiyo maana shule inayokuahidi viza bila kuhudhuria darasa si rafiki yako. Siku utakapohojiwa, atakayesimama mbele ya afisa ni wewe, si mwenye shule.

Isitoshe, viza ya masomo haimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi. Anayekwenda kufundisha huhitaji viza ya kazi na kibali kupitia kwa mwajiri wake. Mtu kama huyo hahitaji viza ya shule, hivyo ana uhuru wa kuchagua hata mwalimu wa kibinafsi anayemfaa.

Hesabu ya saa

Wanaotangaza kwamba utazungumza Kithai kwa ufasaha baada ya miezi michache hawakuelezi hesabu yote. Taasisi inayowaandaa wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kuwa mzungumzaji wa Kiingereza huhitaji takriban saa 1,100 za darasani ili akitumie Kithai kikazi. Kwa kulinganisha, Kiswahili hukadiriwa kuhitaji saa 900.

Sasa chukua kozi ya saa nne kwa juma. Kwa mwendo huo, saa 1,100 zitakamilika baada ya majuma 275, yaani zaidi ya miaka mitano. Anayesoma saa 15 kwa juma atazimaliza kwa majuma 74 hivi. Hii haimaanishi kwamba kozi fupi haina faida. Saa 100 zilizotumiwa vyema zinaweza kumtosha mtu anayetaka kununua mboga sokoni na kusalimiana na majirani. La msingi ni kujua unachokitaka, kisha kuuliza ni saa ngapi hasa utakazofundishwa kwa karo unayolipa.

Maandishi na toni

Kithai sanifu kina toni tano. Neno 'maa' lenye toni tulivu ni 'kuja', lenye toni ya juu ni 'farasi', na lenye toni inayopanda ni 'mbwa'. Maandishi yake, ambayo chanzo chake huhusishwa na Mfalme Ramkhamhaeng wa Sukhothai mwaka 1283, yana konsonanti 44, ingawa mbili kati ya hizo hazitumiki tena. Maneno huandikwa yakiwa yameshikana bila nafasi kati yake.

Kwa sababu hiyo, baadhi ya shule hutumia herufi za Kirumi na kuyaacha maandishi ya Kithai kabisa. Njia hiyo humrahisishia mwanafunzi majuma ya mwanzo, lakini baadaye humfunga. Mfumo rasmi wa kuandika Kithai kwa herufi za Kirumi hauonyeshi toni wala urefu wa irabu. Ndani yake, 'mbali' na 'karibu' huandikwa vivyo hivyo, 'klai'. Maandishi ya Kithai, kwa upande wake, yana kanuni za kumwonyesha msomaji toni ya kila silabi. Basi uliza ni lini shule itaanza kukufundisha kusoma. Ikiwa jibu ni 'baadaye' lisilo na tarehe, tafuta kwingine.

Mkenya asivunjike moyo. Kiswahili hakitumii toni kutofautisha maana, lakini Kikuyu na Dholuo hutumia. Aliyelelewa katika lugha hizo amekuwa akizitofautisha toni tangu utotoni bila kufikiria.

Mbinu za kufundisha

Shule hazifanani kwa mbinu. Zipo zinazotumia Kithai pekee darasani tangu siku ya kwanza, na zipo zinazoeleza sarufi kwa Kiingereza. Mmarekani J. Marvin Brown alianzisha katika shule ya AUA jijini Bangkok, mwaka 1984, mbinu ya kumtaka mwanafunzi asikilize kwa mamia ya saa kabla ya kuanza kusema. Vyuo vikuu kama Chulalongkorn navyo vimejulikana kwa kozi nzito zenye mitihani, ambazo humfaa anayetaka kusoma vitabu na magazeti.

Jambo dogo lisisahaulike: mwanamume Mthai humalizia maneno ya heshima kwa 'khrap', mwanamke kwa 'kha'. Mwanafunzi wa kiume anayemwiga mwalimu wake wa kike neno kwa neno hujikuta akizungumza kama mwanamke. Mwalimu mzuri humsahihisha mapema.

Kabla ya kulipa

Omba kuketi katika somo moja ukiwa mtazamaji. Hesabu wanafunzi, kisha utazame kama mwalimu humsahihisha anayekosea toni au humwacha apite. Zungumza na wanafunzi wa ngazi ya juu; wakishindwa kueleza kwa Kithai wanakoishi, umepata jibu lako. Hatimaye, uandikiwe kwenye stakabadhi iwapo karo itarejeshwa ombi la viza likikataliwa.

Wahenga walinena kuwa rahisi huvunja upishi. Shule ya bei nafuu inayokupa karatasi pekee itakugharimu mwaka wa maisha yako, na mwisho wa mwaka huo utakuwa ungali unamuuliza dereva yule yule kama hospitali iko mbali au karibu.