Kabla ya Kijana Wako Kuchagua Ualimu wa Sekondari

AlhamduliLlaah, Sifa zote njema ni za Allaah, na Rehma na amani zimfikie Mtume Muhammad (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam), jamaa zake na Swahaba zake.

Kila matokeo ya Kidato cha Sita yanapotoka, swali hili hurudi majumbani mwetu, Unguja na Pemba. Kijana amefaulu, lakini alama hazikufika za udaktari au uhandisi. Baba anasema: nenda ualimu, angalau utapata ajira. Mama anasema: ualimu kazi ya heri. Kijana mwenyewe kimya, hajui kama anataka. Basi tumeona ni vyema tulieleze jambo hili kwa ukamilifu, kwani wanaoguswa na uamuzi huo ni zaidi ya kijana na wazee wake. Wapo pia watoto wa watu watakaokaa mbele yake kwa miaka.

Je, kusomesha masomo ya skuli ni ibada?

Wapo wanaodhani kwamba thawabu ziko kwa mwalimu wa madrasa tu, na kwamba anayesomesha hisabati, kemia au jiografia anatafuta dunia. Dhana hii si sahihi. Imaam Al-Ghazaaliy, aliyefariki mwaka 505 Hijriya, ameitaja elimu ya tiba na ya hesabu kuwa ni katika fardhi kifaya: umma ukikosa kabisa watu wa kuzisimamia, wote wanapata dhambi. Na imepokewa kwamba Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alimuamrisha Zayd bin Thaabit (Radhiya Allaahu ‘anhu) ajifunze maandishi ya Mayahudi kwa ajili ya barua zake, naye akayamudu kwa muda wa nusu mwezi. Kadhalika vitabu vya Siyrah vinataja kwamba baadhi ya mateka wa Badr waliojua kuandika walijikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Answaar.

Hapa kwetu tunao mfano wa karibu. Sheikh Abdallah Saleh Al-Farsy, tunayemjua kwa tafsiri yake ya Qur-aan kwa Kiswahili iliyokamilika mwaka 1969, alisomesha skuli na akawa mkaguzi wa skuli kabla ya kuwa Kadhi. Ubao wa skuli haukumpunguzia elimu yake wala heshima yake.

Kwa hiyo mwenye niya safi, akasomesha fani yenye manufaa, anatarajiwa kuingia katika elimu yenye kunufaisha ambayo ujira wake haukatiki kwa mauti. Na kutaka mshahara hakuharibu niya. Kulisha familia kwa halali nako ni ibada. Tatizo huanza pale mshahara unapotakiwa na kazi yenyewe haitakiwi.

Amana iliyomo ndani ya kazi hii

Mwalimu ameajiriwa kwa saa. Saa hizo si zake tena, ameziuza. Tuchukulie darasa lina wanafunzi 50 na kipindi ni dakika 40. Mwalimu akichelewa dakika 10, robo ya kipindi imepotea. Na kwa kuwa kila mtoto amepotezewa dakika 10 zake, jumla ni dakika 500, yaani zaidi ya saa 8 za watoto wa watu. Na mara nyingi hakuna anayemuona isipokuwa Allaah.

Tuangalie pia kazi isiyoonekana. Mwenye madarasa matatu ya wanafunzi 50 akitoa zoezi moja, ana madaftari 150. Akisahihisha kila moja kwa dakika 2, hizo ni saa 5, nazo kwa kawaida hufanyika nyumbani usiku. Anayeingia ualimu akidhani kazi inamalizika kengele ya mwisho inapolia, atachagua baadaye moja kati ya mawili: kuchoka au kufanya khiyana.

Kisha yapo majaribu yanayomkabili mwalimu wa sekondari hasa:

Twisheni. Kusomesha kwa malipo nje ya saa za kazi asili yake inajuzu. Lakini kuficha somo darasani ili mtoto alazimike kulilipia jioni ni kula mali za watu kwa batili. Mtoto wa mvuvi asiye na pesa ya twisheni atamdai mwalimu huyo Siku ya Qiyaamah.

Zawadi na alama. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alimkemea mkusanyaji Zaka aliyerudi na zawadi akasema hizi nimepewa mimi, akahoji kama angeletewa lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Mwalimu apime zawadi za wazazi kwa kipimo hicho hicho, hasa karibu na mitihani.

Mitihani. Kumpa mwanafunzi majibu ni ghushi, hata kama ni kwa huruma, na hata kama skuli nzima inataka jina zuri.

Mchanganyiko. Wanafunzi wa sekondari ni mabaleghe au wanakaribia. Mwalimu wa kiume asiyejiamini katika macho yake, ujumbe wa simu na kukaa faragha na mwanafunzi wa kike, ajiepushe na mlango huu kabla haujafunguka. Hili halina mzaha.

Kwa upande wa mabinti

Wazazi wengine huwazuia mabinti zao kwa kuhofia mchanganyiko huo huo. Hofu yao ina msingi, lakini waangalie na upande wa pili: binti wa Kidato cha Pili mwenye suali la baiolojia linalogusa hedhi atamuuliza nani kama walimu wote ni wanaume? Jamii inawahitaji walimu wa kike wenye haya na elimu. Akichunga hijabu yake na mipaka ya sharia, kazi hii ina kheri kubwa kwake. Muhimu suala la kazi lizungumzwe wazi na mchumba kabla ya ndoa, pamoja na uwezekano wa kupangiwa mbali. Mwalimu anaweza kupelekwa Kojani au Tumbatu, kunakofikiwa kwa chombo, au kuvushwa kutoka Unguja kwenda Pemba. Mume asiyeliridhia hilo aliseme mapema, asilifanye ugomvi baada ya nikaha.

Namna ya kuamua

Kwanza, kuuliza. Stashahada ya ualimu kwa kawaida ni miaka 2 na shahada ni miaka 3, pamoja na mafunzo ya vitendo maskulini. SUZA ina masomo ya ualimu, na pia Chuo Kikuu cha Al-Sumait kilichopo Chukwani, kilichoanza mwaka 1998 kikiwa chuo cha elimu. Kumaliza chuo hakumaanishi kuajiriwa, kwa hiyo baba asimuahidi mwanawe ajira asiyoimiliki. Na anayetaka mkopo asome masharti yake. Akikuta nyongeza juu ya deni, awaulize wanavyuoni kabla ya kutia saini.

Pili, kujaribu. Asomeshe watoto wa mtaani hisabati kwa miezi miwili, au asaidie madrasa ya jirani. Aangalie moyo wake pale mtoto asipofahamu mara ya tatu. Akiona anatafuta njia nyingine ya kumfahamisha, hiyo ni dalili njema. Akiona mkono unatafuta bakora, ajitazame upya.

Tatu, kushauriana na wenye kazi yao. Amuendee mwalimu aliyesomesha miaka 20 na mwengine aliyeacha, awasikilize wote wawili.

Nne, Istikhaarah. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alikuwa akiwafundisha Swahaba Istikhaarah katika mambo yote kama anavyowafundisha Surah ya Qur-aan. Ni rakaa mbili zisizokuwa za fardhi kisha du’aa yake. Si sharti aone ndoto. Aendelee na jambo lake, na likiwa na kheri Allaah Atalifanya jepesi.

Neno kwa wazazi

Kijana akisema hawezi, msimlazimishe kwa sababu ya mshahara. Zipo kazi nyingi za halali ambazo uzembe wake humdhuru mwenyewe na tajiri wake. Uzembe wa mwalimu huwadhuru watoto ambao hawakumchagua na hawawezi kumfukuza, na huenda mmoja wao akawa mjukuu wenu. Na akisema anaweza, na mkaona dalili zake, msimvunje moyo kwa kumwambia ualimu ni kazi ya walioshindwa. Daktari mnayemtamani alisomeshwa baiolojia na mtu.

Tunamuomba Allaah Awape watoto wetu walimu wenye kumkhofu, na Awaongoze vijana wetu katika lenye kheri nao.

Na Allaah Anajua zaidi.