Sukari, saratani na njia ya Chara: pesa huishia wapi?

Kila siku mgonjwa anapolala chini ya mashine ya mionzi, SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, hulipa Sh3,600. Mchango wa chini kabisa wa SHA, Sh300 kwa mwezi, ukiujumlisha kwa mwaka ni Sh3,600 vilevile. Kwa hiyo aliyelipa mwaka wake, siku ya kwanza tu ya mionzi imemrudishia pesa zake zote.

Chukua saratani ya mlango wa kizazi. Mara nyingi hutibiwa kwa mionzi mara 25 hivi, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 5, pamoja na kemo mara moja kwa wiki. Mionzi peke yake ni Sh90,000. SHA ilipochukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, mnamo Oktoba 2024, ilitenga Sh400,000 kwa kila kaya kwa mwaka kwa ajili ya saratani, na Sh150,000 nyingine kutoka mfuko wa dharura na maradhi sugu. Viwango hivi hurekebishwa, basi uliza cha sasa kabla ya kupiga hesabu yako. Lakini hata kwa kiwango kile cha mwanzo, mionzi haimalizi nusu ya fungu.

Kinachomwangusha mtu wa Chara, huku kwenye delta ya Mto Tana, hakimo kwenye orodha ya SHA. Ni bodaboda ya kumfikisha kwenye lami, au mtumbwi mto ukifurika. Ni kitanda cha kulala mjini, chakula cha anayemsindikiza, na ugonjwa wa zamani ambao haukungoja saratani iondoke. Ndiyo maana naomba familia zianze kulinganisha gharama hapo, wala si kwenye bei ya dawa.

Tuanze na hospitali. Anayetoka Garsen, mji wa delta hiyohiyo, ana njia mbili: kushuka Malindi hadi Mombasa, kwenye kituo cha saratani cha Coast General, ambayo wengi bado tunaiita Makadara, au kupanda Hola hadi Garissa, ambako pia kuna kituo cha saratani cha kanda. Umbali haupishani sana. Tofauti ni mvua. Novemba 2023 mafuriko yaliikata barabara ya Garissa pale Mororo, karibu na Garissa yenyewe, na magari yakakwama. Mionzi haipendi kukatizwa. Siku zikirukwa ovyo, tiba hupungua nguvu. Mimi ningemshauri mgonjwa mwenye sukari, presha au figo dhaifu achague Mombasa, labda awe na ndugu wa damu Garissa wa kumpa chumba. Mombasa atapata pia daktari wa figo au wa moyo bila kuanza safari nyingine. Nairobi iwe ya mwisho, daktari akiandika kwamba kipimo au tiba fulani haipatikani Pwani. Na popote uendapo, piga simu kwanza uulize kama mashine inafanya kazi na foleni ni ya wiki ngapi.

Sasa kulala. Kwenda na kurudi kila siku kutoka Chara hakuwezekani, kwa hiyo mwenye mionzi hupanga. Tuseme umepata chumba cha Sh500 kwa usiku: usiku 35 ni Sh17,500 kabla ya chakula, na mwenye sukari hawezi kushindia chai na mandazi. Weka bei yako mahali pa hiyo yangu, uone.

Mwenye kemo ya kila wiki 3 anaweza kurudi nyumbani katikati, lakini hapa familia nyingi hubana pesa mahali pabaya. Kinga ya mwili hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Homa ikifika nyuzi 38 siku hizo, ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, na kwa mwenye sukari hatari ni kubwa zaidi. Siku hizo mgonjwa akae Malindi, Garsen, au karibu na hospitali ya Ngao, kwa shangazi, kwa rafiki, hata kwa kulipa, awe na kipimajoto mkononi. Nauli ya usiku wa manane kutoka kijijini, kama chombo kitapatikana, itazidi kodi ya chumba.

Kabla ya dripu ya kwanza, pesa zinazolipa zaidi ni za vipimo vya ugonjwa wa zamani: sukari ya miezi 3, figo, presha, hesabu ya damu, homa ya ini aina ya B. Baadhi ya dawa za kemo, kama cisplatin, huumiza figo. Daktari akijua mapema anaweza kubadilisha dawa. Deksamethasoni inayotolewa kuzuia kutapika hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Kisha mgonjwa asiyekula huku akimeza vidonge vyake vya sukari kama kawaida, sukari yake inaweza kushuka ghafla. Lazima apime nyumbani. Unaponunua mashine ya kupimia sukari, usiangalie bei ya mashine. Uliza bei ya vijiti vyake, maana ndivyo utakavyonunua kila wiki, na vya kampuni nyingine haviingii.

Insulini iliyofunguliwa hukaa wiki 4 hivi bila friji, lakini si kwenye joto la delta lipitalo nyuzi 30. Ifunge ndani ya mfuko usioingia maji, iweke kwenye chungu cha udongo kilichozungushiwa mchanga uliolowa, kivulini. Kwa hiyo iliyofunguliwa, friji haihitajiki. Na gambuti ni lazima: baadhi ya kemo hutia ganzi miguuni, sukari hutia ganzi, na anayeingia shamba la mpunga peku hatajua amekatwa mpaka kidonda kioze.

Anayeishi na HIV hana sababu ya kuacha ARV kwa ajili ya kemo. Ni bure, aombe za miezi 3 na apeleke kadi yake kwa daktari wa saratani, kwa sababu baadhi ya ARV hugongana na dawa za kemo. Mitishamba nayo itajwe bila haya. Ini ndilo linalosafisha nyingi ya dawa hizi, na mitishamba pia.

Msiuze ng'ombe wala shamba kwa safari ya India kabla ya ripoti ya biopsi kusomwa na daktari wa saratani hapa Pwani. Ripoti hiyo, pamoja na vioo vyake, isafiri na mgonjwa. Ikipotea utakatwa kinyama tena na kulipa tena.

Na wewe ambaye bado ni mzima: nenda na kitambulisho kituo cha afya kilicho karibu, jisajili SHA pamoja na mwenzako na watoto, ulipe mwaka. Mchango hulipwa mtu akiwa na nguvu za kutembea.