Kariakoo na Mizigo ya Wazee Wetu



Huku kwetu Utete, kijana akishamaliza skuli, neno la kwanza kinywani mwake ni Kariakoo. Ataka kwenda kuuza viatu, kusukuma mkokoteni, au kujaribu bahati yake. Nami huwauliza wanafunzi wangu: "Jina hilo maana yake nini?" Hunyamaza. Na mzazi akiulizwa, aghalabu hucheka tu. Basi leo nimeona niwaandikie habari za mtaa ule, ili aendaye aende akijua anakanyaga wapi.

Utokapo Utete hushika njia ya Nyamwage, ukavuka Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, ukapita Ikwiriri, Kibiti na Mkuranga, hata ukaingia Dar es Salaam kwa Mbagala. Ukifika Mnazi Mmoja utaona uwanja wa wazi wenye mnara wa Mwenge wa Uhuru. Upande mmoja ni mjini, na upande wa pili ndiyo Kariakoo yenyewe. Hapo karibu ni barabara ya Lumumba, na katika barabara hiyo ndipo kilipozaliwa chama cha TANU, tarehe 7 Julai 1954. Mbele yake ni barabara ya Msimbazi, kwenye makao ya klabu ya Simba iliyoanza mwaka 1936. Ipo misikiti pia, kama Msikiti wa Mtoro na Msikiti wa Manyema, ambao jina lake ni la watu waliotoka Kongo ya mashariki.

Maduka hayahesabiki. Mtaa wa Congo umejaa nguo, na mitaa jirani ina kanga, vitenge, vyombo, simu na viatu. Njaa ikikushika hukosi chakula: supu na chapati asubuhi, wali wa nazi kwa samaki adhuhuri, mihogo ya kukaanga na kahawa kwa kashata jioni. Mama lishe na mwenye mkahawa wote wana wateja wao.

Katikati ni soko kuu. Alilichora Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli, nalo likafunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni kama miavuli mikubwa iliyopangwa pamoja, chini yake pana kivuli na hewa.

Sasa turudi kwenye jina. Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko mahali pale, vita vya mwaka 1914 vikazuka. Waingereza walipoingia Dar es Salaam Septemba 1916, pakawa kambi ya Carrier Corps, yaani kikosi cha wachukuzi. Wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Nairobi nayo ina Kariokor, kwa sababu hiyo hiyo.

Na habari hii yatuhusu sisi wa Rufiji kuliko tunavyodhani. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamia katika delta yetu tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 ikatolewa ikapelekwa Dar es Salaam, ikikokotwa na watu. Kisha vita vikarudi Rufiji mwaka 1917, masika yakafurika, na wachukuzi wakafa kwa njaa, homa na kuhara, mizigo ikiwa vichwani. Hesabu za Waingereza wenyewe zinakiri vifo vya wachukuzi zaidi ya 40,000. Wengi wao majina yao hayakuandikwa, na wengi ujira wao haukufika mikononi mwa warithi wao.

Mtaa ule umeonja misiba mingine pia. Tarehe 10 Julai 2021 soko kuu liliungua. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka, wakafa watu zaidi ya 20. Siku ile watu walichimbua vifusi kwa mikono kuwatafuta wenzao, bila kuulizana kabila wala dini.

Safari yangu moja nilikuwa nimekaa nikinywa chai, nikamwona kijana wa mkokoteni akibishana na mwenye mzigo. Walikuwa wamepatana bei, na mzigo ulipofika akapewa nusu. Kijana akapangusa uso, akaondoka. Nilimkumbuka yule mchukuzi wa mwaka 1917, nikaona haya kwa niaba ya mwenye mzigo.

Enyi vijana, kubeba mzigo kwa halali si aibu. Mtaa mzima ule umebeba jina la wabebaji. Nanyi wazee na wafanyabiashara, mnajua Mtume wetu (S.A.W.) ametuusia kumlipa mtenda kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Wale wa zamani walidhulumiwa na wageni waliokuja na mizinga. Huyu wa leo akidhulumiwa, tutamlaumu nani ila nafsi zetu?

Basi, mzazi, siku mwanao atakapofunga bahasha yake kwenda Kariakoo, mwambie habari hii kabla hajapanda gari. Na Mwenyezi Mungu awarehemu wale wasioandikwa majina, kwani Yeye anawajua wote. Amin.