Maji ya Vepu Yakikaa Kabatini: Hukolea au Huchacha?

Mkulima wa tumbaku wa Kuria, kaunti ya Migori, hahitaji kipimo cha maabara kujua jani limefikia wapi. Hufungua mlango wa banda la kukaushia, husubiri joto limpite usoni, kisha huchukua jani moja na kuukunja mshipa wake wa kati. Ukivunjika kwa mlio, limekauka. Ukipinda tu, kuni huongezwa.

Jani hilo liliingia bandani likiwa bichi na chungu. Siku tano hadi saba baadaye hutoka na rangi ya dhahabu na harufu tamu. Hata hapo halijawa tayari. Kampuni huliweka ghalani mwaka mmoja au zaidi kabla ya kulikatakata kuwa sigara, kwa sababu tumbaku ambayo haijakaa hukwaruza koo. Katika eneo hili, ambako kilimo cha mkataba cha tumbaku kimekuwapo tangu miaka ya 1970, hakuna haja ya kumweleza mtu kwamba muda hubadilisha ladha. Anayevundika ndizi anajua, na anayelaza togwa usiku kucha anajua.

Imani hiyohiyo sasa imehamia kwenye chupa. Watumiaji wa sigara za kielektroniki, ambazo vijana huziita vepu, huambiana kwamba maji yake yasivutwe siku yanaponunuliwa. Yafungiwe kabatini wiki mbili au tatu, yatikiswe kila siku, na ladha itakolea. Wapo wanaoacha kifuniko wazi ili chupa “ipumue”, na wapo wanaoitumbukiza katika maji ya moto ili kuharakisha kazi.

Je, kuna ukweli?

Upo, lakini ni mdogo, na unaandamana na mambo ambayo pua na ulimi haviwezi kuyatambua. Watu huyaita maji, ingawa si maji. Ni mchanganyiko wa vimiminika viwili, propilini glikoli na gliserini, ambavyo huongezwa manukato ya chakula na, mara nyingi, nikotini. Gliserini ni nzito, hutiririka polepole kama asali. Manukato yakimiminwa ndani yake huchukua muda kusambaa, hivyo chupa iliyochanganywa jana inaweza kuwa na ladha kali upande mmoja na hafifu upande mwingine. Manukato mengine huja yameyeyushwa katika pombe, ambayo hupaa kifuniko kikiachwa wazi, na ukali wake wa puani ukapungua. Hayo mawili ndiyo yanayompa mtumiaji sababu ya kusema, “Imekolea.”

Sehemu nyingine ya maajabu hayo iko kichwani. Mtu aliyesubiri wiki tatu huonja akitarajia utamu. Wataalamu wa vyakula huukwepa mtego huo kwa jaribio rahisi: vikombe vitatu visivyo na majina, viwili vyenye kitu kilekile na kimoja tofauti, na mwonjaji anaombwa amtafute mgeni. Asipoweza kumtambua, hakuna tofauti ya kujivunia.

Kosa kubwa ni kuifananisha chupa na jani. Jani likiwa bandani bado lina uhai fulani. Vimeng'enya vyake huendelea kufanya kazi katika joto la nyuzi 35 hadi 40 na unyevu mwingi. Wanga hugeuka sukari, na rangi ya kijani huvunjika. Likikaa ghalani, sukari hukutana na asidi za amino na kuzaa harufu mpya, kwa njia ileile inayoipa sukari guru ya viwandani Ndhiwa na Awendo harufu yake nzito. Amonia, inayochoma koo, hutoka polepole. Tena mabadiliko hayo hayalifanyi jani kuwa salama: wakati wa kukaushwa na kuhifadhiwa, tumbaku hutengeneza nitrosamini, kemikali zinazosababisha saratani. Ladha ilipanda, na sumu nayo ikapanda.

Chupa haina kimeng'enya wala wanga. Ndani yake mna kemikali tu, na zikikaa pamoja hugusana.

Ya kwanza kubadilika ni nikotini. Ikiwa safi haina rangi. Hewa na mwanga vikiifikia, hugeuka manjano, kisha rangi ya chai. Mtumiaji akiona wekundu huo hudhani ladha imeiva, kumbe ameona dalili ya oksijeni kuila nikotini. Wauza omena wa Mbita, kaunti ya Homa Bay, wanalijua jambo hili kwa jina jingine. Omena aliyeanikwa vizuri, akikaa gunia wazi muda mrefu, mafuta yake hukutana na hewa, rangi hugeuka hudhurungi, na mboga huwa chungu. Kemia ya samaki si ya nikotini, lakini mkosaji ni yuleyule. Kuacha kifuniko wazi na kupasha chupa moto ni kumfungulia mlango.

Ya pili ni manukato yenyewe. Harufu ya vanila, ya mdalasini na ya cheri hutokana na kemikali za kundi la aldehaidi. Mwaka 2018, watafiti wa vyuo vikuu vya Yale na Duke, Marekani, walionyesha kwamba aldehaidi hizo hazitulii ndani ya propilini glikoli. Huungana nayo na kuzaa kemikali mpya ziitwazo asetali. Katika vipimo vyao, zaidi ya asilimia 40 ya aldehaidi iliweza kugeuka hivyo, na asilimia 50 hadi 80 ya asetali zilivuka kutoka kwenye kimiminika hadi kwenye mvuke unaovutwa. Mabadiliko hayo hayakuhitaji wiki tatu. Yalianza mara tu baada ya kuchanganywa.

Uzito wa ugunduzi huo uko kwenye koo na mapafu. Asetali ziliviamsha vipokezi vya mwasho vya mwili zaidi kuliko aldehaidi zilizozizaa, kikiwemo kile kinachotufanya tuhisi moto wa pilipili. Mtumiaji aliyenunua “vanila” anavuta kitu ambacho hakikuandikwa kwenye lebo, kwa sababu hakikuwamo siku lebo ilipochapishwa.

Ya tatu inahusu ladha za siagi na maziwa. Kemikali iitwayo diasetili ina harufu nzuri ya siagi, na mtu akiila haina shida kubwa. Kuivuta ni jambo jingine. Mwaka 2000, katika jimbo la Missouri, Marekani, ilibainika kwamba watu 8 waliowahi kufanya kazi katika kiwanda cha bisi walikuwa na ugonjwa unaoziba vijia vidogo vya hewa mapafuni, usioponyeka. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipima ladha 51 za sigara za kielektroniki na kukuta diasetili katika 39. Watengenezaji wengine wakahamia asetoini, ndugu yake mpole. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba asetoini, ikikaa chupani, hugeuka diasetili polepole, na nikotini huharakisha mgeuko huo. Kwa ladha hizi, kila wiki ya kusubiri ina gharama.

Ni kweli kwamba mvuke hauna lami ya moshi wa sigara. Lakini kijana ambaye hajawahi kuvuta chochote hatoki kwenye sigara. Anaingia kwenye nikotini, ilhali ubongo wake unaendelea kukua hadi karibu miaka 25. Harufu ya embe na peremende ndiyo inayomfungulia mlango huo. Uganda ilizipiga marufuku sigara hizi katika sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015. Kenya ina sheria ya mwaka 2007, iliyoandikwa kabla vepu hazijajulikana nchini, na mwaka 2024 Seneta Catherine Mumma aliwasilisha mswada wa kuifanyia marekebisho ili izibane bidhaa hizi mpya.

Huko Migori, baadhi ya waliokuwa wakikunja mishipa ya majani bandani wamebadili mazao. Kupitia mradi wa mashamba bila tumbaku wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya WHO (afya), FAO (kilimo) na WFP (chakula) pamoja na serikali, walipewa mbegu za maharage yenye madini ya chuma kwa wingi, na WFP ikawa miongoni mwa wanunuzi. Wengi wao wanaikumbuka nikotini kwa ngozi zao. Anayevuna majani yenye umande asubuhi hulowa nguo, nikotini hupenya mwilini, na kabla ya saa sita anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na kutapika.

Nikotini ya chupani, ambayo nyingi hukamuliwa kutoka majani kama hayo, hupenya vilevile. Chupa iliyofichwa kabatini “ikolee” inaweza kufikiwa na mtoto mdogo anayevutwa na harufu ya matunda, na kwa mwili mdogo kiasi kidogo kinatosha kuua. Ikimwagika mkononi, paoshe papo hapo kwa maji mengi na sabuni na uvue nguo iliyolowa. Mtoto akiinywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali, na ubebe chupa ili daktari asome kipimo cha nikotini kilichoandikwa.