Seva ya Bure, Fundi wa Kulipwa

Ofisi ndogo ya Tegeta au Mbagala, jijini Dar es Salaam, yenye kompyuta nne mara nyingi haina mtandao wa ndani, ina flashi. Ankara huandikwa kwenye mashine ya mhasibu, ikabebwa kwa flashi hadi kwenye mashine yenye printa, ikasahihishwa hukohuko dakika ya mwisho, na flashi ikarudi na virusi. Mwezi ukiisha kuna ankara tatu za mteja mmoja, kila moja na jumla yake, na hakuna wa kuapa ni ipi iliyogongwa muhuri. Dawa yake ni seva, yaani kompyuta moja inayotunza mafaili ya ofisi nzima na kuyagawa kwa nyingine kwa waya au Wi-Fi. Rai yangu ni kwamba seva hiyo iendeshwe kwa Linux, ambayo unaweza kuipata bila ada ya leseni, na fedha itakayookolewa alipwe fundi. Sehemu ya kwanza ya rai hii wafanyabiashara huipokea kwa mikono miwili. Ya pili ndiyo hukwama.

Linux ilianza mwaka 1991 mikononi mwa Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, na leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, kuikagua na kuibadilisha. Kwa ofisi ndogo, hata hivyo, mwenye kazi kubwa ni Samba, programu iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Australia mwaka 1992, ambayo huiwezesha mashine ya Linux kugawa mafaili na printa kwa namna ileile inayoeleweka na Windows. Karani hajifunzi lolote jipya: anawasha kompyuta yake ya siku zote, anaikuta folda ya ofisi, basi. Shughuli iko nyuma ya pazia. Fundi huchukua hata kompyuta ya mtumba, akaifungia diski mbili zinazoandika kitu kilekile kwa pamoja, akaweka toleo la Linux kama Debian au Ubuntu Server, kisha akatenga folda: "Mauzo" inafunguka kwa keshia, "Mishahara" haifunguki. Samba pia ina mpangilio ambao fundi lazima auwashe mwenyewe: faili likifutwa, badala ya kupotea linahamishiwa kwenye folda ya pembeni, hivyo orodha ya bei iliyofutwa Ijumaa inarejeshwa Jumatatu. Zile diski mbili si nakala ya akiba, maana kinachofutwa kwenye moja kinafutika papo hapo kwenye ya pili. Ndiyo sababu kila jioni programu iitwayo rsync hunakili mabadiliko ya siku kwenda diski ya nje, ambayo mwenye biashara makini huenda nayo nyumbani.

Upande wa pili wa mizani kuna Windows Server. Toleo lake la Standard linauzwa kwa zaidi ya dola 1,000 za Marekani, na juu yake kuna leseni za kila mtumiaji au kila kifaa. Lipo toleo dogo la bei nafuu, lakini tusidanganyane: wengi hawanunui lolote kati ya hayo, wanawekewa Windows iliyochakachuliwa na kuambiwa wasiyaguseguse masasisho. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta duniani kote na kudai fidia, ilhali tangu Machi Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba tundu lililotumiwa. Mpenzi wa Linux asishangilie, kwa sababu mwezi uleule Samba nayo iligundulika ina tundu la hatari. Tofauti ni kwamba kiraka cha Samba kilikuwa wazi kwa kila mtu bila kuulizwa leseni. Lakini kinaweza kukosekana kwenye seva isiyo na mwangalizi, na hapo tunarudi kwa fundi.

Wapo wanaosema mambo ya seva yamepitwa na wakati, kila kitu kiwekwe Google Drive. Kwa mtu mwenye kompyuta mbili na bando la uhakika nakubaliana nao. Ila Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku kama hiyo, seva iliyo chumba cha pili inaendelea kutoa mafaili. Umeme ukikatika ni habari nyingine, na seva bila UPS, yaani betri ya akiba, ni kujitafutia balaa. Wengine wanasema programu yao ya hesabu inataka Windows. Iachwe kwenye Windows. Hakuna aliyesema ofisi nzima ibadili dini.

Pingamizi zito ni kwamba mafundi wa Linux ni wachache. Jibu ni kuwalipa, na jiji hili lina historia kwenye jambo hilo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Leseni iliwaruhusu kuitafsiri bila kumlipa mwenye programu, lakini kazi yenyewe iligharamiwa na Sida, shirika la misaada la Sweden. Programu ilikuwa bure, jasho halikuwa bure. Leo chuo hicho kinafundisha TEHAMA pale Kijitonyama, ndani ya Kinondoni, na kijana anayejua Linux hatabaki kuitunza seva ya duka la dawa la Tandika kwa ahsante na soda. Mlipe kila mwezi, kwa mkataba ulioandikwa, na nywila kuu ikae kwenye bahasha kwako, si kichwani mwake, kwa kuwa ataondoka siku moja. Majina na simu za wateja zilizomo kwenye seva, kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ni jukumu lako wewe mwenye biashara.

Kabla hujammalizia malipo ya kufunga seva, tengeneza faili la majaribio, lilale humo usiku mmoja, kisha lifute mbele yake na umwambie alirudishe kutoka kwenye diski ya nje. Akishindwa, kazi haijaisha.