Kasida zilizokuja na msafara: urithi wa dufu mjini Gisenyi

Kila asubuhi Petite Barrière hupitisha nyanya, maziwa, vitenge na unga. Maofisa wa forodha hukagua mifuko na kuhesabu magunia. Lakini ipo mali nyingine ambayo wafanyabiashara wa Gisenyi na Goma wameibeba kwa muda mrefu bila kupimwa kwenye mizani, nayo ni kasida na zikri.

Wengi hudhani mambo hayo ni ya Zanzibar, Lamu na Mombasa peke yake, na kwamba sisi wa bara tumeazima tu. Historia inasema vingine.

Tariqa ya Qadiriyya, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi Afrika Mashariki, inajinasibisha na Sheikh Abdul Qadir Jilani aliyefariki Baghdad mwaka 1166. Katika pwani yetu ilipata nguvu kwa juhudi za Sheikh Uways wa Barawa, Somalia, aliyezaliwa mwaka 1847 na kuuawa mwaka 1909. Alifika Zanzibar zama za Sultani Barghash, na kutoka hapo wanafunzi wake na wa wenzake walifuata njia za misafara: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kisha ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hadi Manyema.

Hapo ndipo bara linapoingia katika kisa hiki. Yahya bin Abdallah, anayejulikana zaidi kama Sheikh Ramiya, alizaliwa Manyema, mashariki ya Kongo. Alitekwa akiwa mtoto, akapelekwa Bagamoyo kama mtumwa katika nyumba ya Mwarabu wa ukoo wa Lamki. Humo alisoma dini. Baadaye alifanya biashara ya samaki, akanunua mashamba ya minazi, na mwanzoni mwa karne ya 20 akawa khalifa wa Qadiriyya. Alipofariki mwaka 1931, mtoto huyo aliyefika pwani akiwa mateka alikuwa miongoni mwa masheikh wakubwa wa Tanganyika, na maulidi yake ya Bagamoyo yalikuwa yakivuta watu kutoka mbali. Kwa hiyo mtu wa Goma au Gisenyi anapopiga dufu hajaazima kitu cha watu. Mmoja wa waliokijenga alitoka huku huku.

Rwanda, Uislamu ulikuja na wafanyabiashara na askari waliozungumza Kiswahili wakati wa Wajerumani. Msikiti wa kwanza wa Kigali ulijengwa mwaka 1913. Chini ya Wabelgiji, Waislamu waliishi katika mitaa yao ndani ya miji, na neno “Umuswahili” likawa na maana tatu kwa pamoja: Mwislamu, mchuuzi, na mtu mjanja asiyeaminika. Upande wa Kongo nako watawala hao hao waliitazama Qadiriyya ya Manyema kwa wasiwasi.

Kwa watu waliotiliwa shaka namna hiyo, usiku wa maulidi ulikuwa na kazi kubwa. Mgeni aliyetoka Ujiji au Bujumbura, asiye na ndugu mjini, aliingia, akavua viatu, akakaa mkekani. Akiijua Barzanji, kitabu cha maisha ya Mtume kilichotungwa Madina katika karne ya 18, aliitikia pamoja na wenyeji. Kisomo kilipofika penye kuzaliwa Mtume, wote walisimama. Asubuhi yake hakuwa mgeni tena. Angeweza kupata pa kulala, mdhamini, hata mali kwa mkopo. Kila mfanyabiashara wa mpakani anajua thamani ya jambo hilo.

Zikri yenyewe haihitaji vyombo vingi. Watu husimama safu au duara, wakainama na kuinuka pamoja. Huanza taratibu kwa “La ilaha illa Allah”, kisha maneno hupungua na mwendo huongezeka, mpaka inabaki pumzi ya kifua inayovuma kama ngoma. Juu ya pumzi hiyo mwimbaji mmoja hupandisha kasida. Dufu na matari huongezwa panapokubaliwa.

Panapokubaliwa, kwa sababu si Waislamu wote wanaokubaliana. Wapo masheikh wanaosema maulidi na zikri ya namna hii ni bidaa, jambo lisilofanywa na Mtume wala masahaba. Wengine hujibu kwamba kumsifu Mtume na kumtaja Mungu hakuwezi kuwa kosa. Gazeti halina mamlaka ya kuamua hilo. Lakini hata asiyehudhuria maulidi anaweza kukubali kwamba haya ni sehemu ya historia ya watu wa mipakani.

Na historia hiyo inaweza kupotea. Sauti nyingi zimo vifuani mwa wazee, na mzee akifariki huondoka na namna yake ya kuimba. Vijana wengi leo husikiliza kasida za simu zilizorekodiwa mbali.

Wewe unayesafiri una nafasi ambayo wengine hawana. Maulidi husomwa mwezi wa Mfungo Sita, ambao kila mwaka hutangulia kwa siku kama 11. Tanzania siku hiyo ni sikukuu ya taifa na ofisi hufungwa, kwa hiyo panga mizigo yako mapema. Rwanda hupumzika Idi mbili tu. Ukialikwa Goma, Bujumbura au Ujiji, nenda. Wengine wanaposimama, simama nao, na mambo ya bei yaache nje ya mlango. Kisha mwombe mzee ruhusa, umrekodi kwa simu yako, na umuulize alijifunza kwa nani, na huyo naye kwa nani. Majina hayo, yakifuatwa nyuma moja baada ya jingine, yatakurudisha kwenye njia ile ile unayopita na mizigo yako.