Kidole Ndani ya Fishiye



Wengi kati yetu wanajiuliza: programu ya lugha C inajua ginsi gani fasi ya kusoma ao ya kuandika? Jibu ni hili. Kila fishiye iliyofunguliwa iko na kidole, sawa mtoto anayefuata mstari katika kitabu. Ukisoma oktete 32, kidole kinaenda mbele 32. Ukiandika, ni vile vile. Mwanzo unahesabiwa 0, si 1.

Tutwae mfano wa fishiye ya pointi, kila mwanafunzi na kadi yake ya oktete 32. Kadi ya 41 inaanza wapi? Mbele yake kuna kadi 40, na 40 mara 32 ni 1280. Hakuna lazima ya kusoma zote:

fseek(f, 1280L, SEEK_SET);

SEEK_SET ni kuhesabu tangu mwanzo, SEEK_CUR tangu pale kidole kiko, SEEK_END tangu mwisho. ftell(f) inatuambia kidole kiko wapi, na rewind(f) inakirudisha mwanzo. fseek ikitoa 0, imefaulu. Ikitoa ingine, tusiendelee.

Sasa tuangalie sana. Tunataka kusahihisha pointi za wa 41. Tunasoma kadi yake, tunageuza hesabu, tunaandika. Hatari iko wapi? Kwa kusoma, kidole kimekwisha kufika 1312, kwa wa 42! Tukiandika pale, wa 41 anaweza kubaki na kosa lake, na wa 42 kupoteza jina na pointi zake zote, juu C haisukumi maandiko kando, inayafunika. Na pengine programu haitasema neno. Basi, kabla ya kuandika, turudi nyuma:

fseek(f, -32L, SEEK_CUR);

Hata kanuni ya C ya mwaka 1989 inadai hivi: ukitoka kusoma na kwenda kuandika, usogeze kidole kwanza.

Tena tuchague vizuri namna ya kufungua. "r+b" inaacha yote salama. "w+b" inafuta yote palepale. "a+b" inaandika mwisho tu, hata tukisogeza kidole mara ngapi.

Ndugu, wa 42 hakuomba kitu. Asipoteze mwaka wake sababu ya masahihisho ya mwenzake. Rudisha kidole kwanza, ndipo uandike.